TV ya chogo: king'amuzi cha antena, cha dishi, au ninunue flati?

Mwana wa Mkulima
Wakuu, salaam. Mwisho wa mwezi naenda kijijini, nataka niwaachie wazee TV inayoonyesha. Iliyopo ni chogo inchi 21, imekaa bure tangu mitambo ya analojia ilipozimwa, ila ukiiwasha kioo bado kizima. Niwachukulie king'amuzi cha antena, cha dishi, au ninunue flati inchi 24? Bajeti si kubwa.

Fundi Koili
Mkuu, kijiji gani? Umeme wa gridi au sola? Nyuma ya TV kuna matundu gani? Bila hayo tutabahatisha tu.

Dada Shani
Flati. Chogo inakula umeme, na ikigoma spea hupati. Flati nyingi za sasa zina T2 humo ndani, yaani king'amuzi cha antena cha dijitali, unachomeka antena tu.

Fundi Koili
T2 ya ndani ni nzuri pale ambapo chaneli hazijafungwa. Aulize kwanza majirani kama zinashika bila kadi.

Ngalawa
Chochote utakachochukua, geuza boksi usome maandishi. Baba mdogo wangu Tanga aliuziwa king'amuzi kilichotoka Ulaya, kipya kabisa. Tukatafuta chaneli, sifuri. Fundi akasema antena mbovu, ikanunuliwa nyingine. Akasema waya mrefu mno, ikaongezwa busta. Mzee kila jioni anamshikia fundi ngazi, mjukuu yuko dirishani anapiga kelele "bado!" Hela ya antena na busta ikapita bei ya king'amuzi chenyewe. Akaja fundi mwingine, akakipindua: DVB-T, haina 2. Huku kwetu matangazo ni T2, kile kisingeshika hata ungekipandisha juu ya mnara. Aliyekiuza hakurudisha hata senti, na hadi leo naumia nikikumbuka.

Mwana wa Mkulima
Samahani wakuu. Ni Matombo, Morogoro. Umeme wa REA upo. Matundu ni mawili, la njano na jeupe. Mzee anataka taarifa ya habari ya saa mbili na mechi za Simba.

Fundi Koili
Matundu yanatosha. Njano ni picha, nyeupe ni sauti, waya mwekundu wa king'amuzi uache. Bonyeza AV kwenye rimoti; kama rimoti imepotea, shuka chini ya chaneli ya 1. Kwenye menyu ya king'amuzi weka mfumo wa rangi PAL na umbo la picha 4:3. Ukiiacha 16:9 watu watarefuka au maandishi ya pembeni yatakatika. Picha ikija bila rangi, iko kwenye NTSC.
Ila antena huko sikushauri. Milima ya Uluguru imekaa katikati, inaziba mawimbi, na dijitali haina chenga za kuvumilia: inaganda, kisha giza. Dishi linatazama juu.

Dada Shani
Madishi mengi yana malipo ya mwezi. Na 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozuia ving'amuzi vya dishi vya kulipia kubeba chaneli za bure, ITV na nyingine zilitoweka. Mzee wa taarifa ya habari utamwambia nini?

Ngalawa
Hiyo ni ya 2018. Aulize jirani mwenye dishi anaona nini leo.

Mnyama Damu
Mzee ni Simba, mjadala umekwisha. Ligi Kuu iko kwenye king'amuzi cha Azam, cha kulipia.

Jangwani Asilia
Simba ndiyo ya kulipia kila mwezi? Bora hela ya dawa.

Mnyama Damu
Subiri dabi uje uandike tena hapa.

Mwana wa Mkulima
Wakuu, turudi kwenye TV. Dishi likifungwa juu ya bati, upepo wa mlimani hauliyumbishi?

Dada Shani
Lifungwe kwenye nguzo ya chuma iliyozamishwa kwa zege. Bado nasema flati.

Kibo86
Na mimi nina chogo, haina njano wala nyeupe, ina tundu la antena peke yake. Nifanyeje?

Fundi Koili
Tafuta deki ya zamani ya kanda. King'amuzi kinaingia kwenye AV ya deki, deki inatoka kwa waya wa antena kwenda kwenye TV. Kisha tafuta chaneli UHF, anzia karibu na 36.