Tupeane uzoefu: siku "mfumo" ulipokubeba na siku ulipokutupa (wana Mtwara na Lindi)

Mwana wa Kitangari

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Niko nje ya ofisi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima, na mama yangu tangu saa tatu asubuhi. Korosho zake ziliuzwa mnada wa tatu, gunia sita tu. Majirani wameshalipwa, mmoja keshaezeka, mwingine keshanunua pikipiki. Mama hana hata mia. Karani anasema pesa zilitoka zikarudi. Zimerudi kwa nini? "Mfumo umekataa." Nani kauambia ukatae? Anainua mabega.

Wanaokumbuka minada ya zamani watanielewa. Mnunuzi anaandika bei kwenye karatasi, karatasi inaingia kwenye bahasha, bahasha kwenye sanduku. Sanduku linafunguliwa mbele yetu, mtu anasoma kwa kipaza sauti: kampuni fulani, tani kadhaa, shilingi kadhaa. Ikisomwa bei ya kipuuzi unawasikia wazee wanaguna. Oktoba 2018 huku Newala na kwa wenzetu Tandahimba waliguna mpaka wakakataa kuuza kabisa.

Tangu msimu wa 2024/25 korosho zinauzwa kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni. Mnunuzi anaweza kuwa Dar, anaweza kuwa nje ya nchi, anabonyeza tu, na sisi tunatazama namba zikipanda kwenye ukuta, projekta imewekwa juu ya kreti la soda. Sitasema uongo: mwaka huo wa kwanza bei ilivuka 4,000 kwa kilo, na wazee walewale wa kuguna walipiga makofi. Siku hizi hata minong'ono ya wanunuzi kupanga bei usiku hotelini siisikii sana.

Lakini mfumo uliopandisha bei ya mama ndio huohuo uliomnyima pesa, na hauna uso wa kuuguna. Mwenye lake atupie. Biashara, mikopo, uchaguzi, serikali ya kijiji, lolote lililohamia kwenye simu au kompyuta.

Wakala Stendi Masasi

Pole kwa mama, mkuu. Angalia jina kwanza. Herufi kwa herufi, kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki uviweke sambamba. Kesi tisa kati ya kumi ninazoletewa hapa kibandani ni jina.

Langu ni hili. Miamala ya simu imenijengea nyumba, sibishi. Ila Julai 2021, ilipoanza ile tozo ya miamala, nilishinda nacheza drafti. Ilikuwa shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi, tena juu ya makato ya kawaida ya kampuni. Nilikuwa na mteja, mama wa vitenge, anatuma Dar kila Ijumaa. Akaja akaniuliza makato ni ngapi, nikampigia hesabu, akacheka, akavuka barabara mpaka kwenye basi akampa kondakta bahasha. Kondakta akawa benki! Septemba wakashusha kwa asilimia 30, mwaka uliofuata wakapunguza tena, wateja wakarudi mmoja mmoja. Yule mama hajarudi mpaka leo. Anasema kondakta anamjua mpaka kwao.

Msimu wa korosho shida inageuka, inakuwa floti, yaani pesa ya wakala ya kuwatolea wateja. Malipo ya vijiji vitatu yanaingia siku moja na wote wanataka kutoa siku hiyohiyo. Saa nne asubuhi nimeshakauka. Mzee mmoja alinishikia simu usoni: "Hii inasema ninazo. Wewe unasema huna. Nimwamini nani?" Nilikosa jibu, nikampa kiti.

Boda Mitwero

Mimi fupi tu. Nimelipwa muamala wa uongo mara mbili. Abiria anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, jina lako, kiasi, namba ya kumbukumbu, kila kitu kipo. Kumbe kauandika mwenyewe. Siku hizi hunishuki mpaka simu YANGU iite.

Mama Kubangua

Mwanangu ndiye ananiandikia, mimi nasema tu.

Nimebangua korosho tangu nikiwa msichana. Wanaojua watanielewa: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Unapaka majivu, unapaka mafuta ya kula, lakini miaka ikienda vidole vinakuwa laini kama sabuni iliyotumika. Zile mistari hamna tena.

Ikaja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho 20 Januari 2020. Nikapanga foleni. Yule binti akasema weka kidole. Nikaweka. Mashine ikalia. Weka kingine. Ikalia. Akanifuta kwa spiriti, akanifuta kwa kanga yangu mwenyewe, akaniambia nikanawe kwa ndimu. Vidole kumi, mashine inalia tu, na foleni nyuma yangu inaguna. Binti akaniuliza, "Mama, wewe ulishawahi kuwa na vidole?" Hakuwa na nia mbaya, alichoka.

Laini ikafungwa. Humo ndimo walimokuwa wakinipigia wateja wangu wa korosho za kukaanga, ndimo mlimokuwa na hela zangu za mchezo. Mwishowe nikatumia laini ya mwanangu, kwa jina lake. Kwa hiyo biashara ni yangu, pesa inaonekana ni yake. Nashukuru Mungu ni mtoto mwema.

Mwanzoni mwa 2025 nikaenda kuboresha taarifa kwenye daftari la wapiga kura. Kijana na mashine yake. "Mama, kidole." Nikacheka peke yangu. Huyu alijaribu mara mbili, akanitazama mikono, akaandika kitu kwenye kompyuta, akaendelea. Kadi ninayo. Mashine mbili zote zinataka kidole, tofauti nimeiona kwa mtu aliyekaa nyuma ya mashine.

Mkongwe Tandahimba

Msiyalilie sana makaratasi. Mnasahau upesi nyie vijana. Novemba 2018 serikali ilipochukua korosho zote kwa 3,300 na malori ya jeshi yakaja kusomba, hapakuwa na mfumo wa kusingizia. Kulikuwa na uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 anafuatwa mpaka shambani, mikorosho inatazamwa, asije akawa mtu wa kangomba, mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kinyemela. Mimi nina shamba la urithi wa mjomba, niliwatembeza kutwa nzima. Daftari lao likapotea, wakaja wengine, nikawatembeza tena. Pesa nilizipata mwaka mwingine, wajukuu wameshafukuzwa ada.

Karatasi nayo inakataa, tena haikupi hata ujumbe wa simu.

Mwana wa Kitangari

Mzee wangu shikamoo, hapo umenipata. Lakini wale uliwatembeza, uliwaona.

Mkongwe Tandahimba

Marahaba. Niliwaona, ndiyo. Nikawapa na madafu.

Mwalimu wa Nachi

Naandika hili kwa aibu. Mshahara ulichelewa kidogo, mtoto anaumwa, nikashusha programu ya mikopo kwenye simu. Dakika tano, laki moja imeingia, pungufu ya "ada ya huduma". Kurudisha ndani ya siku saba. Wakati wa kujisajili iliniomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu. Nikabonyeza kukubali. Nani anasoma yale maandishi?

Siku ya nane, saa mbili usiku, mama mkwe akanipigia. Hakunisalimia. Alisoma tu: mwambie ndugu yako tapeli alipe deni la watu. Kufika saa tatu ujumbe ule ulikuwa kwa mkuu wa shule, kwa fundi baiskeli, kwa mzazi wa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Na kwa namba ya marehemu baba, ambayo sijapata moyo wa kuifuta. Laini ile siku hizi anayo kijana wa Tunduru. Akanipigia kunipa pole, akaniuliza kama nimekula.

Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizopigwa marufuku kukopesha bila leseni. Niliisoma kwa kidole kama orodha ya matokeo, na yangu nikaikuta. Deni nilishalilipa zamani. Mama mkwe bado ananijibu kwa mkato.

Mtoto wa Naliendele

Niwachekeshe kidogo. Mikorosho yetu ilipigwa machipukizi, yakawa meusi kama yameungua. Babu akasema ni mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Mimi na usomi wangu nikaiuliza akili mnemba kwenye simu: nifanyeje, shamba limevamiwa na mbu wa mikorosho? Ikanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu: nilale ndani ya chandarua chenye dawa, nifukie madimbwi, na nikisikia homa niende kituo cha afya.

Nilipoipiga picha na kuieleza vizuri ilikaribia, ila ikaniletea salfa, wakati salfa ni ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, haimuui yule mdudu. Kituo cha utafiti wa kilimo kiko mwendo wa baiskeli kutoka nyumbani. Nikaenda. Sasa kuna rafiki yangu Lindi mjini anaitumia kuandika barua za maombi ya zabuni na anapata kazi kweli, kwa hiyo siiponde moja kwa moja. Nadhani haijatembea mashambani kwetu, basi.

Pweza wa Masoko

Mei 2024 hamtanisahaulisha. Tarehe 4 kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, mimi nina pweza kwenye friza na mnunuzi yuko Dar. Nikapiga picha, nikatupia kwenye grupu, mama lishe na wenye mahoteli wa huku Kilwa wakanimalizia mzigo kwa simu siku ileile. Kwa hasara, lakini haukuoza. Nikawa natamba: barabara imekufa, mtandao umeniokoa!

Tarehe 12 intaneti nayo ikaenda, kebo za baharini zimeharibika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Wavuvi wangu wakawa wananiuliza kwa hofu kama ni nanga zao.

Binti Mmwera

Nizungumzie kijiji, maana hapo ndipo naona mambo yamegeuka zaidi na hatuyasemi.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanasomwa pale. Kwetu mtendaji akaanzisha grupu la WhatsApp. Sote tulifurahi, tuko Dar, tuko Mtwara, tunajua ya nyumbani. Halafu kidogo kidogo mikutano ikaadimika. Baba akimuuliza njiani, anajibu: "Mzee, mapato na matumizi nimeshatuma kwenye grupu." Baba ana kitochi.

Siku moja kijana mmoja akauliza humo mbona choo cha zahanati hakiishi. Dakika kumi baadaye grupu likabadilishwa, wanaoandika ni wasimamizi tu. Chini ya mkorosho hakuna kitufe cha hivyo. Mtu akitaka kumnyamazisha baba pale, lazima asimame amnyamazishe watu wakiona.

Lakini mtendaji alisahau kitu, ile picha ya hesabu ilibaki kwenye simu zetu. Nikaikuza mpaka ikasomeka, nikaichapisha steshenari karatasi mbili, nikazituma na basi. Mjukuu akamsomea babu yake mstari kwa mstari. Mstari wa nne: mifuko 40 ya saruji, choo cha matundu mawili. Mkutano ulipoitishwa kwa shughuli nyingine kabisa, baba akanyanyuka na karatasi yake mfukoni. Mtendaji akasema ni makosa ya uchapaji. Watu wakacheka vibaya sana. Choo kiliisha mwezi uliofuata.

Sasa hapo nimshukuru nani, simu au baba? Na siku ile ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, sisi tuliozoea kujua ya nyumbani kwa grupu tulikuwa vipofu. Nilimpigia baba simu ya kawaida. Yeye na kitochi chake ndiye aliyekuwa ananipa habari.

Boda Mitwero

Mifuko 40 matundu mawili?? Choo au ghorofa.

Mwana wa Kitangari

Mrejesho, wakuu. Wakala, ubarikiwe. Ni jina. NIDA wameandika Somoe, benki wameandika Somoye. Y moja. Msimu uliopita ilipita bila shida, safari hii imegoma, na hakuna aliyeweza kutuambia kwa nini.

Tumepanda Noa mpaka mjini benki. Kijana wa dirishani amerekebisha kwa dakika tatu, nimehesabu. Foleni ilituchukua masaa mawili na nusu. Mama akamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu, miaka yote hii mimi nilikuwa yupi?" Yule kijana akatabasamu, akamsogezea fomu: "Saini hapa, mama."

Mama hajui kuandika. Wakatafuta kibweta cha wino droo zote, wakakipata kwa mlinzi. Akagandamiza dole gumba kwenye karatasi, karatasi ikapelekwa kwenye mashine, ikapigwa picha, ikaingia kwenye kompyuta. Sasa hivi tuko stendi tunasubiri gari la kurudi, anakula muhogo kwa mkono wa kushoto ili wino usimchafue.

Pesa bado. Wamesema Jumanne.