Sola Moshono: lithiamu au betri za jeli? LUKU inanimaliza

Baba_Moshono: Wakuu, habari za jioni. Nataka kufunga sola nyumbani hapa Moshono, Arusha, mafundi wawili wamenipa bei. Wa kwanza: inveta haibridi (inayotumia sola, betri na umeme wa TANESCO) ya kilowati 5, paneli 6 za wati 550 na betri moja ya lithiamu ya 51.2V 100Ah, milioni 7.9. Wa pili: inveta na paneli zilezile ila betri 4 za jeli za 12V 200Ah, milioni 5.8. Jumamosi natakiwa kutoa advansi. Nichukue ipi?

Chalii_wa_R: Lithiamu. Uzi ufungwe.

Mama_Kibo: Usifungwe, mkuu hajasema kitu. Unatumia yuniti ngapi kwa mwezi? Ndani kuna nini? Paa limeelekea wapi, kuna miti?

Baba_Moshono: Kama laki na themanini kwa mwezi. Vitu vya kawaida tu: friji, TV, taa.

Fundi_Stima: Kwa shilingi 356 kila yuniti, hizo ni kama yuniti 500 kwa mwezi, 16 au 17 kwa siku. Friji inakula yuniti moja, moja na nusu kwa siku. Taa na TV hazifiki huko hata ukilala nazo. Kuna kitu umetuficha.

Baba_Moshono: Aa, kuna shawa za umeme mbili. Na pampu ya kisima, ila haiwaki kila siku. Tuko saba, shemeji amekuja na watoto.

Fundi_Stima: Nilijua. Soma ubavuni mwa hiyo shawa, nyingi zimeandikwa wati 5,500. Mtu akikaa chini yake dakika 10 ni yuniti 0.9, shilingi 320 na ushee. Watu saba, asubuhi na jioni, zinakaribia yuniti 13. Na hiyo shawa inveta ya kilowati 5 haiiwezi, itazima kabla maji hayajapata moto. Hata ingeiweza, lithiamu yako ina yuniti 5 tu, saa nzima haifiki.

Chalii_wa_R: Watu saba kuoga mara mbili Moshono mwezi wa saba? Hao wametoka Dar 😂

Mangi_Rau: Baba, jeli achana nazo kabisa. Mimi nilifungiwa nne hapa Rau na fundi wa duka moja la mjini, sitalitaja. Paneli akazipandisha upande ambao ngazi ilisimama vizuri. Ikifika saa nane mchana kivuli cha mgrevilea kinaingia kwenye paneli ya mwisho, na kwa vile zimeungwa mfululizo, moja ikilala zote zinavutwa chini. Betri hazijai. Usiku mama watoto anapigia pasi sare za shule humohumo. Mwaka wa kwanza shwari. Mwaka wa pili ikaingia Julai, na Julai ya Moshi mnaijua, mlima huuoni wiki nzima. Inveta ikaanza kulia saa nne usiku, ti ti ti. Baadaye saa tatu. Mwishowe taarifa ya habari haiishi. Nikafungua stoo, betri mbili zimevimba ubavuni, kifuniko kimepinda, kwenye vichwa vya nyaya kuna unga mweupe. Nampigia fundi, hapatikani. Dukani naambiwa waranti ni kwa kasoro ya kiwandani, siyo matumizi. Halafu eti usibadilishe mbili tu, changanya mpya na kuukuu uone mpya zinavyokufa. Nunua zote nne!

Fundi_Stima: Pole Mangi, lakini hapo betri zimesingiziwa. Kivuli na pasi ndivyo vilivyoziua. Jeli nne kwenye karatasi ni yuniti 9.6, unatakiwa utumie nusu tu. Ukizikausha kila usiku zinakufa mapema, hata zingekuwa za dhahabu.

Mangi_Rau: Sasa betri ya kutumia nusu nilipie nzima ya nini?

Fundi_Stima: Ndiyo maana mimi pia nasema lithiamu. Jeli ni mizunguko mia kadhaa ya kuchaji na kutumia, lithiamu ni elfu kadhaa. Ila paneli zielekee kaskazini, zilale nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi.

Chalii_wa_R: Huku karibu na ikweta upande si ishu.

Fundi_Stima: Kwa hesabu ya mwaka, sawa. Lakini Juni na Julai jua liko kaskazini na mawingu yametanda, kila kidogo unakihitaji.

Mama_Kibo: Mnabishana betri wakati tatizo ni maji ya moto. Funga hita ya sola juu ya paa, ile ya mirija na tenki lake. Maji yanakaa na moto mpaka asubuhi. Shawa ziache kwa siku za mawingu. Baada ya hapo ndiyo upime upya, pengine hata hiyo sola kubwa huihitaji.

Baba_Moshono: Tenki langu la maji liko chini, presha ndogo.

Mama_Kibo: Hilo nalo hukusema! Basi jenga mnara kwanza.

Bibi_Sakina: Mkishusha matumizi chini ya yuniti 75 kwa mwezi, muombe TANESCO wawaweke D1, ile bei ya watumiaji wadogo. Yuniti inakuwa kama 122 pamoja na kodi.

Fundi_Stima: Watu saba na pampu ya kisima? Hafiki huko, bibi.

Chalii_wa_R: Mimi sielewi, bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, tunafungaje sola tena?

Bibi_Sakina: Bwawa liko Rufiji mjukuu wangu, nguzo yetu Sakina imeegemea mparachichi.

Baba_Moshono: Fundi wa jeli amenipigia sasa hivi, ameshuka mpaka milioni 5.5 na anaweka waya wa ethi, ule wa kushusha umeme ardhini, bure.

Mangi_Rau: Baba!!

Mama_Kibo: Ethi bure? Kwani kwenye ile bei ya kwanza haikuwemo?

Chuma_Kwa_Mrombo: Mangi, hizo jeli zilizokufa bado unazo? Nanunua kwa kilo.

Mangi_Rau: Zipo nne. Njoo na gari, ni nzito. Bei gani kilo?