Dogo kamaliza S.4: umeme wa majumbani, elektroniki au sola?

Baraka_Bweyale
Habari zenu wakubwa. Niko Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Mdogo wangu kamaliza S.4 (kidato cha nne), yuko nyumbani anakunywa chai na kuchaji simu tu. Nataka aingie kwenye ufundi wa umeme kabla hajazoea kijiwe. Jirani ananiambia nimpeleke asome cheti cha miaka miwili. Fundi TV wa hapa stendi yuko tayari kumchukua hata kesho. Shemeji naye anasema yote hayo ni kupoteza wakati, sola ndiyo inayolipa. Chuo kimoja kinataka jibu wiki ijayo. Bora ipi?

Afande_Mstaafu
Bora kwa nani? Hujasema amepata nini hesabu na fizikia. Hujasema una pesa kiasi gani. Hujasema kama anaogopa kupanda ngazi. Nimefanya umeme wa kambi miaka mingi, na vijana wawili niliowahi kuwarudisha kwao walikuwa na akili sana, ila juu ya dari wanatetemeka.

Mama_Mota
Na umemuuliza yeye mwenyewe anataka nini?

Lehemu_Katwe
Elektroniki kaka, usisumbuke. Mimi niko Katwe, Kampala, meza yangu haizidi mita moja. Nina chuma cha kulehemu, mita na kioo cha kukuzia, basi. Simu zinaingia asubuhi, jioni nina pesa mkononi. Hakuna kungoja mwenye nyumba amalize kujenga ndipo akulipe. Mwenye simu hawezi kulala bila simu, atalipa tu.

Baraka_Bweyale
Samahani Afande. S.4 amepata C hesabu, D fizikia. Pesa nikiuza mahindi vizuri ni kama milioni moja na nusu kwa mwaka, ikizidi hapo nakopa. Ngazi sijui.

Kibali_D
Kwa matokeo hayo cheti cha taifa cha umeme wa majengo anaweza kukiingia. Miaka miwili baada ya S.4, kisha akitaka anaendelea na diploma ya miaka miwili mingine, Kyambogo au chuo cha ufundi cha serikali. Diploma ikiwa nzuri, hata digrii ya uhandisi mlango uko wazi, na si lazima apite S.6 (kidato cha sita). Watu wengi hawaijui hiyo njia, wanadhani aliyekosa S.6 kaishia hapo.

Chuo cha ufundi cha Nakawa nao usiwasahau. Wana idara ya umeme na idara ya elektroniki, na Wajapani wamekisaidia kile chuo kwa miaka mingi, kwa hiyo vifaa vya mazoezi vipo. Ila Nakawa ni Kampala, weka hesabu ya chumba na chakula.

Sola_Mzee
Kampala ya nini? Kiryandongo hapo hapo kuna kambi ya wakimbizi nzima, vijiji havina nguzo, kila duka linataka taa na friji. Dogo ajifunze sola miezi mitatu, aanze kazi.

Mama_Mota
Mzee wangu, heshima yako, lakini hao wa miezi mitatu ndio wanaotuharibia jina. Juzi nimeitwa kwa mtu ana betri ya risasi ya volti 12, 100Ah. Fundi kamwambia ina wati-saa 1,200, itawasha kila kitu. Betri ya risasi ukitaka idumu unatumia kama nusu yake, yaani 600. TV ya wati 60 na taa nne za wati 5 ni wati 80, hapo una saa saba na ushei. Sawa, inatosha. Kumbe mama mwenye nyumba anachomeka pasi ya wati 1,000 Jumapili asubuhi kabla ya kanisa! Betri imekufa ndani ya miezi mitano. Fundi hakumwambia kwa sababu naye hakujua.

Sola_Mzee
Huyo fundi ni mjinga, si sola. Na leo kuna betri za lithiamu.

Mama_Mota
Lithiamu nayo ataichomekea pasi?

Kyangwali_Volti
Naomba niseme yaliyonipata mimi, labda yatamsaidia Baraka kuliko hizi hesabu.

Nilijifunza kwa fundi miaka mitatu bila karatasi yoyote. Kazi niliijua, hata yeye alikuwa akiniachia nyumba nzima. 2021 nikapata kazi yangu mwenyewe ya kwanza, loji ya vyumba 14 upande wa Hoima. Makubaliano ya mdomo. Nikatandaza nyaya miezi miwili, lipu ikapigwa, rangi ikapakwa, mpaka pazia zikatundikwa. Siku ya kuomba umeme wakaniuliza: cheti cha kumaliza kazi kiko wapi, na nani amekisaini? Lazima asaini mtu mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme. Mimi sina.

Nikarudi kwa mwalimu wangu. Akasema atasaini, ila nimpe nusu ya malipo. Nikakubali, nifanyeje. Akaja na mega yake, ile mashine ya kusukuma volti 500 kwenye waya kuona kama inavuja. Akashikiza waya mmoja wa mashine kwenye laivu (waya unaoleta umeme), wa pili kwenye erthi, akabonyeza. Inatakiwa isome angalau megaohm 1. Sindano haikufika hata robo. Akanitazama, akakunja nyaya zake, akasema: "Jina langu siliweki hapa."

Siku tano, jamani. Nilifungua soketi moja moja, nikikata mzunguko nusu kwa nusu. Upande huu mzuri, upande ule mbaya, nakata tena. Siku ya nne nikafika chumba namba 9. Natoa waya hauvutiki. Nikavunja lipu kwa patasi, nikakuta msumari wa inchi tatu umepita ndani ya bomba na kuuchoma waya wa laivu kama mshikaki. Ni fundi seremala aliyefunga chuma cha pazia baada yangu. Ukuta ulikuwa bado na unyevu, umeme ungevuja polepole kwenda kwenye masanduku ya soketi, usingetosha kuangusha brekari. Maana yake tungewasha tu, kila kitu kingeonekana sawa, na mgeni wa kwanza kuvuta pazia angeshika volti 240.

Mwenye loji akakata pesa ya lipu niliyovunja. Mwalimu akachukua nusu yake. Mimi nikarudi Kyangwali na nauli na bisibisi ya testa. Mwaka uliofuata nikaenda kufanya mtihani wa vitendo wa DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ule hauulizi S.4, unauliza mikono. Baadaye nikapata kibali. Kwa hiyo mdogo wako hata akienda kwa fundi, aende, lakini karatasi aifuate mapema. Na siku hizi hiyo mitihani ya DIT na ya UBTEB (bodi ya mitihani ya vyuo vya ufundi) imewekwa pamoja chini ya bodi moja, UVTAB, kwa ile sheria ya elimu ya ufundi (TVET) ya 2025, kwa hiyo aulize huko.

Afande_Mstaafu
Pole sana kijana. Lakini mwalimu wako alikufanyia jambo la haki kutosaini.

Kyangwali_Volti
Kutosaini alifanya haki, Afande. Nusu ndiyo bado inaniuma.

Lehemu_Katwe
Sasa mnaona? Mimi hakuna anayekuja Katwe kunidai kibali cha kufungua redio. Mambo ya kusainisha ni yenu.

Kibali_D
Lehemu, hakuna anayekudai kibali, lakini kapasita, kile kidude kinachotunza chaji, nayo haikudai, inakupiga tu. Umeme wetu wa 240 ukishanyooshwa ndani ya pawa sapulai unakuwa karibu volti 340 za mkondo mmoja (DC), na unakaa pale hata baada ya kuchomoa. Wangapi wamerushwa kwenye kiti?

Lehemu_Katwe
Mimi mara mbili 😂 Ndiyo shule yenyewe. Unatoa chaji kwanza kwa rezista, si kwa bisibisi kama wale wa zamani, mlio wake unaamsha jirani. Mikrowevu hiyo simgusishi mwanafunzi kabisa, ile ni volti elfu mbili.

Busia_Waya
Niko Busia mpakani. Naona mnasahau jambo, siku hizi TV nyingi zinatupwa. Kioo kikipasuka, bei ya kioo ni karibu ya TV mpya. Fundi anabaki na kubadilisha taa za nyuma na pawa sapulai. Kwa simu ni kioo na tundu la kuchajia. Anayejua kusoma mchoro wa bodi bado anakula, lakini wangapi wanajua? Fundi wa stendi atamfundisha dogo kusoma mchoro, au atamtuma chai?

Baraka_Bweyale
Huyo wa stendi kusema kweli anapenda chai.

Mama_Mota
Basi nami nivutie kwangu. Mimi nasuka mota na kufunga paneli za viwanda, nilianza kwenye viwanda vya Namanve nikiwa mwanamke peke yangu kwenye zamu. Kiwandani huajiri hasa wenye diploma. Kazi ni ya zamu na usiku unachosha, lakini mshahara unajua siku yake. Raha ya kazi ni siku unapoambiwa mota kubwa inaangusha meni (swichi kuu) kila ikiwashwa, unaifungia sta-delta, ule mfumo wa kuianzisha taratibu, mkondo wa kuanzia unashuka mpaka theluthi moja, na ile kelele ya "ngoo" inageuka kuwa mlio laini. Meneja anakuita fundi kwa adabu. Kabla ya hapo alikuwa ananiita "wewe dada".

Sola_Mzee
Na bwawa la umeme la Karuma liko hapo hapo kwao, megawati 600. Haliwezi kumwajiri?

Afande_Mstaafu
Karuma ni mashine sita za megawati 100, mzee. Jenereta haihitaji kijiji kizima kuiendesha. Kujenga ndiko kulikochukua vijana wengi, na kujenga kumekwisha. Wanaobaki ni wenye diploma na digrii.

Busia_Waya
Na UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, je? Tangu ile kampuni iitwayo Umeme iondoke 31 Machi 2025 nasikia wanachukua watu.

Kibali_D
Kila mtu anasikia. Mimi nitaamini nikiona tangazo.

Baraka, jambo moja tu la pesa. Usisahau vifaa. Mwanafunzi bila koleo zake, mita yake na bisibisi zenye mpini wa mpira anakuwa mtazamaji. Nilisoma na watu ishirini, mita ya chuo moja. Aliyeishika ni yule mrefu.

Lehemu_Katwe
Na waya asinunue ovyo wa mazoezi. Feki zimejaa.

Busia_Waya
Usinikumbushe! Nimenunua roli ya waya wa milimita 2.5 za mraba wa soketi, nje shaba inang'aa. Nikakwaruza kwa kisu, ndani nyeupe. Aluminiamu imepakwa shaba. Aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo 2.5 hiyo inafanya kazi kama 1.5. Na kwenye skrubu ya soketi inalegea, inapata joto, plastiki inanuka kama samaki aliyeoza. Nikirudisha duka, anasema "ulipoikwaruza umeiharibu".

Kyangwali_Volti
Pima uzito wa roli. Shaba ni nzito. Mimi siku hizi nabeba mizani ya samaki dukani, wananicheka, lakini sijalizwa tena.

Afande_Mstaafu
Na rangi pia mziangalie. Zamani nyekundu ni laivu, nyeusi nyutro. Sasa kahawia laivu, bluu nyutro. Nyumba iliyoongezwa chumba ina zote mbili, na kuna fundi nilimkuta ameunganisha nyeusi kwenye laivu "kwa sababu nyekundu ziliisha".

Busia_Waya
Mizani ya samaki unaipata bei gani, Kyangwali?

Kyangwali_Volti
Ile ya kuning'iniza, sokoni kwa wavuvi wa ziwani. Usinunue ya kidijitali, betri inaisha ukiwa kaunta.

Baraka_Bweyale
Asanteni wote. Jana usiku nilimuuliza dogo kama Mama Mota alivyosema. Anasema TV hataki, nguzo hataki, anataka friji na eyasi (viyoyozi). Alimwona mtu mmoja Masindi anajaza gesi akampenda. Sasa hiyo ni umeme au si umeme?

Mama_Mota
Ni umeme na ni mabomba, yote mawili. Kompresa ni mota, aje kwangu likizo.

Sola_Mzee
Friji za sola zipo.

Kibali_D
Baraka, chuo kinachotaka jibu wiki ijayo, kina kozi ya friji? Umeuliza? Na ngazi anaogopa au haogopi? Eyasi zinafungwa ghorofani.