Distributa ya Land Rover ya zamani yatiwa mafuta wapi, na matone mangapi?

landi_ya_marehemu (Malindi)

Asalam aleikum wadau. Nina Land Rover Series IIA ya 1968, injini ya petroli 2.25, ya marehemu babangu. Alikuwa akipeleka nayo vibarua na magunia huko Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, kwa hivyo ni gari iliyokula chumvi kweli si utani. Sasa asubuhi inawaka kwa kubembelezwa, ikishapata moto inakwenda lakini nikiibebesha mzigo yaanza kukohoa na kumis (moto wakosa kuruka). Nikaipeleka kwa fundi mmoja, akafungua kepu (kifuniko) ya distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, akatazama akasema "hii kavu sana", akachota grisi kwa kidole akapaka kila mahali alipoweza kufika, akafunga, nikalipa. Siku mbili tamu kabisa. Siku ya tatu natoka Mambrui saa saba mchana jua kali ikanizimikia hapohapo barabarani, nikavutwa kwa kamba na lori la mchanga hadi nyumbani, aibu tupu. Kufungua kepu naona grisi imeyeyuka imetapakaa, zile pointi, vile vyuma vidogo vya kukata na kuunga umeme, nyeusi tititi.

Swali langu, distributa yatiwa mafuta au haitiwi? Kuna anayeniambia iwe kavu kama mfupa, jirani yangu naye ati niweke mafuta ya nazi.

mzee_wa_spana (Barani)

Wa aleikum salam mwanangu. Jirani mwambie nazi aipeleke jikoni, ile ikikaa yaganda na kunata ndani ya vyuma vidogo. Na huyo fundi hakukosea kusema ni kavu, alikosea kidole. Distributa yataka mafuta sehemu nne tu na kila sehemu na kipimo chake.

Kama bado ina distributa yake ya asili ya kampuni ya Lucas, vua kepu, kisha ing'oe rota, kile kinachozunguka ndani ya kepu, kwa kuivuta juu moja kwa moja usiipindepinde. Chini yake utaona skrubu katikati ya shafti. Usiifungue hiyo skrubu!! Weka matone mawili matatu juu yake basi, kuna upenyo kando yake mafuta yanateremka yenyewe. Pili ni ile kemu yenye pembe nne inayosukuma pointi, hapo ndipo pa grisi, lakini grisi kama punje ya mtama, isambaze iwe kama jasho tu. Tumia grisi ya bearing za magurudumu maana ya kawaida joto likipanda yaruka, na ikiruka yatua kwenye pointi, ndio hayo yaliyokukuta. Tatu ule mhimili mdogo ambao pointi inachezea, tone moja kwa ncha ya waya, si kwa kumimina. Nne, kwenye ile sahani iliyobeba pointi kuna tundu, tia matone machache yaende chini kwa vile vyuma vizito vya kusogeza taiming (wakati wa moto kuruka) gari ikikimbia. Hapo ndipo watu wote husahau manake hapaonekani.

Mafuta yawe mepesi. Mimi natumia ya cherehani, fundi nguo yeyote hapo sokoni atakuuzia kichupa.

Sasa kwa nini kukauka kwaleta kumis. Ile pointi ina kisigino cha plastiki kinachosuguana na kemu. Kemu ikiwa kavu kisigino chaliwa, kikiliwa mwanya wa pointi wapungua kidogo kidogo, pointi zachelewa kufunguka, taiming yarudi nyuma, gari yawa nzito na kupata moto. Wewe huoni siku moja, waona baada ya miezi. Fikiria injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, pointi zafunguka mara 6000, yaani mia kila sekunde. Hebu sugua kisigino chako kwenye saruji hivyo tuone.

Pima mwanya kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia, wataka 0.35 hadi 0.40 milimita, kisigino kikiwa juu kabisa ya pembe ya kemu. Hiyo yako ina hendeli ya mbele, toa plagi zote uizungushe kwa mkono polepole utaona vizuri. Na usipime kwa kipande cha msumeno wa chuma kama wafanyavyo vijana, ule ni kama 0.6, huo ni wa kubahatisha plagi.

kobe_wa_watamu

Naongezea kwa wenye VW kama mimi, distributa nyingi za Bosch chini ya rota hazina skrubu, zina kipande cha felti, ndio hicho kinywe mafuta. Mwenzangu mmoja alikitoa akidhani ni uchafu 😂

Lakini kusema kweli me nilichoka na hizi pointi, nikaweka ile seti ya elektroniki badala yake, inakaa ndani ya distributa ileile. Hakuna mwanya hakuna kisigino. Ushauri wangu ni huo.

mzee_wa_spana (Barani)

Ni nzuri sikatai. Ila ikifa hapo katikati ya njia ya Kakuyuni usiku, imekufa. Pointi ntazikwangua kwa kijifaili nifike. Na hata ukiweka hiyo seti, shafti na vyuma vya chini bado vinahitaji mafuta, watu wakishaweka elektroniki hawafungui tena kepu mpaka shafti ikwame.

nahodha_mkavu (Lamu)

Huku kwetu ni punda na boti, gari ni za kuhesabu, lakini mashine za boti za zamani nazo zina pointi chini ya flaiwili kwa hivyo naijua hio kesi. Ndugu wa Malindi mie ningeanza na kepu. Hewa ya chumvi ikichanganyika na umande wa alfajiri yafanya utando ndani, moto wapita kwenye utando badala ya kwenda kwenye plagi, ndo maana asubuhi hukataa na jua likipanda hukubali. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, uitazame kwenye mwanga, ukiona mstari mwembamba mweusi kama wa kalamu umechorwa kutoka tundu moja hadi jingine, kepu hio imekwisha, usiisamehe. Ile kaboni ndogo ya katikati pia isukume kwa kidole, lazima irudi kwa springi.

landi_ya_marehemu (Malindi)

Shukran sana wazee wangu. Nimefanya jana baada ya asri. Mwanya wa pointi ulikuwa chini ya 0.20, ile fila nyembamba ndio iliingia kwa shida! Kisigino kimelika upande mmoja. Nimefuta grisi yote kwa petroli, nikapitisha kadi nyeupe katikati ya pointi mpaka ikatoka safi, nikaweka 0.38. Rota nilipoishika na kuizungusha kidogo ilikuwa haitaki kurudi, imelala tu, nikatia mafuta ya cherehani kwenye tundu la sahani nikaisokota sokota huku na huku, baada ya dakika kama kumi ikaanza kurudi yenyewe tap! Nilifurahi kama mtoto wallahi. Kepu ina kutu ya kijani kwenye matundu mawili, nimekwangua, mstari mweusi sikuona.

Leo asubuhi imewaka mara ya pili ya stata. Lakini ikiwa slow bado yaruka ruka kidogo.

mzee_wa_spana (Barani)

Hiyo rota kurudi ndio dalili niliyoitaka, taiming yako ilikuwa haisogei kabisa. Usisahau ukishabadilisha mwanya na taiming imesogea, iweke upya.

Kuhusu kuruka ukiwa slow, shika shafti pale juu uitikise kushoto kulia. Ikicheza hata kidogo cha kusikika mkononi basi bushi, zile pete zinazoshika shafti, zimeliwa, mwanya utakuwa mmoja pembe hii na mwingine pembe ile, hapo mafuta hayasaidii tena, ni kwa fundi wa mashine atie bushi mpya. Ikiwa haichezi, angalia kile kiwaya kifupi cha nyuzi nyuzi kinachofunga sahani na bodi ya distributa, hukatika ndani huku juu chaonekana kizima. Na ufyonze kwa mdomo ile paipu ya vakyum, ile inayofyonzwa na injini, sahani isogee, uzibe kwa ulimi uone kama yakaa.

landi_ya_marehemu (Malindi)

Shafti imekaza haichezi. Vakyum yavuta na yakaa. Kile kiwaya mzee... kimebaki nyuzi mbili. Naenda kutafuta mtu wa kukiunga kwa risasi ya kuyeyusha (solda) sasa hivi kabla hawajafunga.