Mjadala: Damu katika mutura ni ladha ya kuonjwa au aibu ya kufichwa?

Mleta mada

Ndugu zangu, jambo ninalolileta, la damu inayotiwa katika mutura, yaani utumbo wa mnyama uliojazwa nyama na kuchomwa, huzua ubishi kila ninapolitaja mbele ya wapishi, na safari hii naomba tulijadili kwa utulivu. Rafiki yangu mmoja, mchoma mutura wa jioni kando ya barabara hapa Nairobi, aliniambia kwamba damu haina ladha ya maana, kwamba mteja anachokula hasa ni kitunguu, dhania na pilipili, na kwamba siku hizi yeye anaiacha kabisa na kuujaza utumbo nyama iliyokatwakatwa peke yake, wala hajasikia mteja akilalamika. Jirani yake anaitia, lakini anaimwagia masala ya pilau na kitunguu saumu kingi hata usijue umekula nini. Mimi napingana nao wote wawili. Damu ina ladha yake, tena ladha inayochagua wa kukaa nayo, na kazi ya viungo ni kuijibu, si kuifunika. Mpishi anayelazimika kuifunika na ajiulize kwanza damu hiyo imekaa ndooni tangu saa ngapi.

Tuiangalie damu yenyewe. Kiasi cha asilimia 80 ni maji, inayobaki karibu yote ni protini, na mafuta yake ni kidogo mno. Protini hiyo huganda kwa moto kama yai linavyoganda, hata watafiti wa Nordic Food Lab, maabara ya utafiti wa chakula huko Copenhagen, walipoijaribu mahali pa mayai katika mapishi ya kuoka, walipendekeza gramu 65 za damu kwa yai moja. Ladha yake ina chumvi kidogo, utamu wa mbali, na ule ukali wa chuma ambao kila aliyewahi kunyonya kidole kilichokatwa na kisu anaujua. Kwa kuwa haina mafuta, ukiipika peke yake hukauka na kuwa chengachenga mdomoni. Ndiyo maana nasema mwenza wake wa kwanza ni mafuta, kabla hatujafika kwenye kiungo chochote, na mutura mwingi mbaya niliowahi kula ulikosa mafuta, haukukosa masala.

Baba mdogo wangu, aliyekuwa akitengeneza mutura kila mbuzi alipochinjwa kwetu Murang'a, aliikoroga damu kwa kijiti tangu inapoanza kuingia kwenye sufuria, na hakuacha mpaka zile nyuzi nyeupe zijizungushe kwenye kijiti, akazitupa kwa mbwa. Mafuta aliyatoa kwenye tumbo la mbuzi, akayakata madogo ya ukubwa wa punje ya mahindi, kwa maana yakikatwa laini zaidi huyeyuka na kupotea. Baada ya hapo alitia nyama, kitunguu cha majani, dhania, pilipili mbichi moja na chumvi, basi. Aliuchemsha utumbo uliojaa kwa moto mdogo, akautoboa kwa mwiba wa mlimau: majimaji yakitoka mekundu aliurudisha, yakitoka meupe aliupeleka kwenye makaa. Sikumwona hata siku moja akitia bizari, na sikumsikia mtu akilalamikia harufu.

Majani mabichi yanafaa kwa sababu damu ni nzito, na ulimi unahitaji kitu cha kuuinua. Uchachu unafaa zaidi. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu, ambayo wengi wanaiona pambo la kibao cha mutura, kwa maoni yangu ni nusu ya mlo wenyewe. Mataifa yaliyozoea damu yamefika mahali hapo hapo: Wafaransa hula soseji yao ya damu, boudin noir, pamoja na tofaa lililokaangwa, kule Tampere, Ufini, mustamakkara, nayo soseji ya damu, huliwa na jamu ya tunda dogo jekundu lenye uchachu, na Wafilipino hupika dinuguan, mchuzi wa nyama ya nguruwe na damu yake, kwa siki na pilipili ndefu za kijani. Sidhani kwamba hawa walifundishana.

Basi naomba hoja: damu ibaki, na masala yapungue. Anayepinga aseme.

Mchangiaji kutoka Moshi

Kaka mleta mada, nakuunga mkono kuhusu uchachu, ila umeizungumzia damu kana kwamba makazi yake ni utumboni tu. Kwetu Uchagani kuna kisusio, supu ya mbuzi inayotiwa damu, na humo mafuta unayoyatafuta kwa kisu yako tayari juu ya supu. Limau hatulitii sufuriani, tunalikamua bakulini wakati wa kula, kwa sababu damu ikiguswa na limau hubadilika na kuwa ya kahawia, na mgeni asiyejua huona chakula kimeharibika. Pembeni kuna mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo nayo ina uchachu wake. Ukinywa funda moja baada ya kijiko cha kisusio utaelewa kwa nini wazee hawakuhangaika na viungo.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye moto. Umesifu moto mdogo, nami najua kwamba damu iliyochemka sana hukatika na kuwa vidonge. Lakini mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Tanzania baada ya kuanzia kwenu Kenya, tulionywa tusile damu mbichi wala nyama isiyoiva, na tangu hapo sikubali damu inayotiwa dakika ya mwisho na kupakuliwa papo hapo. Mimi huichuja, nikaimimina polepole huku nikikoroga, kisha naiacha ichemke kweli kweli. Ladha inapungua kidogo, sikatai. Mwiba wa baba mdogo ni kipimo kizuri, ila unampima mutura. Hauwezi kumpima mbuzi aliyekuwa mgonjwa.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Assalaam aleikum. Mimi damu siili, kwa kuwa Sura ya Al-An'am, aya ya 145, imeiharamisha damu inayomwagika. Lakini ini tumehalalishiwa, na kwa ladha ini ni ndugu wa damu, lina ukali ule ule wa chuma. Kwa hiyo nina haki ya kusema neno katika mjadala huu. Ini la mbuzi hapa kwetu tunalipika kwa tangawizi, pilipili manga, kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa cha rangi ya kahawia, na ndimu mwishoni. Mwandishi anasema kiungo kikali kinafunika. Tangawizi haijawahi kulifunika ini langu. Inaukata ule uzito, kisha inaondoka. Nadhani amekasirishwa na mkono wa jirani wa rafiki yake, akaadhibu kabati zima la viungo.

Na jambo la pili, ambalo si la upishi lakini ni la haki. Huyo rafiki anayeiacha damu na jirani anayeificha kwa masala wanauza vitu viwili tofauti kwa jina moja. Mpita njia akiuliza kama kuna damu, ajibiwe ukweli, kwa kuwa wapo Waislamu wasioila, na wapo Wakristo wanaoshika agizo la Matendo ya Mitume 15:29 la kujiepusha na damu.

Mleta mada

Shekhe, kuhusu kuuliza na kujibiwa ukweli sina ubishi hata kidogo, na hoja hiyo inamgusa zaidi yule anayeficha kuliko mimi ninayetaka damu ionekane. Kuhusu tangawizi umenibana. Naongeza hata ushahidi dhidi yangu mwenyewe: Waitaliano walikuwa na sanguinaccio, mchanganyiko mtamu na mzito wa damu ya nguruwe, chokoleti na mdalasini, kabla ya uuzaji wa damu hiyo kupigwa marufuku kwao mwaka 1992, na hakuna anayeweza kusema kwamba mdalasini ni kiungo chenye kuona haya. Labda tofauti ni kwamba mdalasini umekaa na utamu, na katika mutura hakuna utamu wa kuushika. Kitunguu saumu kingi bado nakikataa, kwa sababu hakiondoki. Kinabaki mdomoni hata baada ya mutura kwisha.

Dada wa Moshi, nimekubali kuchemsha zaidi, na nitaongeza mafuta ili kufidia ukavu. Jumamosi tunachinja mbuzi nyumbani kwa kaka yangu, akishapimwa na daktari wa mifugo. Nitaigawa damu mabakuli mawili, moja nilitie tangawizi na pilipili manga kama alivyosema shekhe, la pili liwe la baba mdogo, na walaji hawataambiwa lipi ni lipi.