Mjadala: Je, taarifa za kijiji ziendelee kusomwa kanisani?

Mtoa hoja

Ndugu wachangiaji,

Naleta kwenu jambo ambalo katika parokia yetu, iliyoko kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, limezungumzwa kwa muda mrefu nje ya mlango wa kanisa, kwenye vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi, na ndani ya magari ya kwenda Moshi mjini, lakini halijapata kujadiliwa waziwazi na watu wa pande zote. Utaratibu wetu ni huu: mwenyekiti wa kijiji au mtendaji akiwa na habari ya kuwafikishia wananchi, huiandika kwenye karatasi na kuipeleka ofisi ya parokia, na Jumapili msomaji wa matangazo huisoma baada ya komunyo, ikifuatana na matangazo ya ndoa, zamu za usafi wa kanisa na ratiba ya sala za jumuiya. Ndivyo tunavyopata habari za chanjo ya watoto, msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) wa kuzibua mfongo (mfereji wa maji), ubovu wa barabara wakati wa masika, na siku hizi hata mapato na matumizi ya michango ya kijiji. Nauliza kama utaratibu huu uendelee ulivyo, urekebishwe, au ukome kabisa.

Haukuzuka wenyewe. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890 na ya Kibosho mwaka 1893, na katika muongo huohuo Walutheri wakajenga misheni zao Machame na sehemu nyingine za mlima. Shule na matibabu vilikua kandokando ya misheni hizo, kwa hiyo aliyetaka kusema na watu wengi kwa mara moja alijua pa kwenda. Migongo ya mlima tunamoishi imetenganishwa na makorongo marefu, nyumba zimejificha ndani ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, kila moja na migomba na kahawa yake, wala hakuna uwanja wa kijiji ambao watu hupita kila siku. Wengi hushuka mjini alfajiri na kupanda jioni. Kanisa Jumapili ndilo mahali pekee ambapo mamia wanakaa kimya wakisikiliza sauti moja, na kiongozi anayekwenda huko hafanyi hivyo kwa hila. Anawafuata watu walipo.

Wanaopinga utaratibu huu kwa kawaida hutumia Katiba. Ibara ya 19 inasema kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, nao huhitimisha kwamba karatasi ya mtendaji haina nafasi kanisani. Mimi sioni kwamba kusoma tarehe ya chanjo ni kuichanganya dini na serikali. Ibara ya 18 nayo inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na masuala muhimu kwa jamii, na haijasema taarifa hiyo ipitie mlango gani.

Kinachonisumbua ni kwamba tangazo limechukua nafasi ya mkutano. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na wajumbe wake ni wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au mtu asiyesali popote. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo hesabu husomwa mbele ya watu wenye haki ya kuhoji. Kwetu, hesabu za mchango wa barabara zilisomwa kanisani kwa dakika chache, kati ya tangazo la semina ya wanandoa na wimbo wa kutoka. Nani atanyoosha mkono wakati huo aulize kwa nini kifusi kimelipiwa lori nyingi kuliko zilizoonekana? Heshima ya mahali inamzuia, na inastahili kumzuia. Lakini mkutano ulipoitishwa miezi kadhaa baadaye na swali hilo likaulizwa, jibu lilikuwa kwamba hesabu zilishatangazwa kanisani, tuendelee na ajenda inayofuata.

Wazee wetu walikuwa na namna bora zaidi ya kupashana habari, na inaniuma kwamba tumeisahau. Katika miaka ya 1950 Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Komkya, ambalo lilileta habari za baraza na za vijijini, na wasomaji waliliandikia barua wakikubali, wakipinga na kujibizana juu ya mambo yao wenyewe. Habari ilipotoka ilikuwa na njia ya kujibiwa. Karatasi inayosomwa baada ya komunyo haina njia hiyo.

Yupo pia asiyefikiwa, naye si lazima awe wa dini nyingine. Karatasi ikichelewa, husomwa misa ya pili tu, na akina mama waliowahi misa ya kwanza ili waende sokoni hawaisikii. Wanaosali kwenye vigango, makanisa madogo ya parokia, huipata wiki inayofuata au wasiipate kabisa. Vijana wa bodaboda Jumapili ndiyo siku yao ya kazi. Halafu kuna jambo ambalo naliona baya kuliko yote: kusoma majina ya kaya ambazo hazijatoa mchango wa kijiji. Mama mjane ametajwa mbele ya wajukuu zake katika nyumba aliyokwenda kusali, kwa deni ambalo kanisa halimdai.

Tazameni msiba ukitokea. Kabla ya jua kuzama mgongo mzima unajua, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu habari hupelekwa nyumba kwa nyumba, na kesho yake watu wapo kihambani kwa marehemu na majembe yao. Kwa hiyo si kweli kwamba bila kanisa habari haiwezi kufika kwa kila mtu.

Pendekezo langu ni kwamba kanisani usomwe mwaliko tu: tarehe, mahali, saa na ajenda. Chochote ambacho mwananchi ana haki ya kukihoji, yaani hesabu, viwango vya michango, faini na ugawaji wa huduma, kiende kwenye mkutano na kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Karatasi hiyohiyo ya mwaliko, yenye sahihi na mhuri, ifike msikitini kabla ya swala ya Ijumaa, kwenye usharika wa Walutheri wa KKKT, kwenye makanisa mengine na sokoni. Majina ya wadaiwa yasisomwe katika nyumba yoyote ya ibada.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini, na kwa kuwa nimetumikia halmashauri ya walei kwa vipindi viwili naomba unisikilize. Unazungumza kama vile mkutano mkuu upo na kanisa limeupora watu wake. Hali halisi ni kwamba mkutano huitishwa saa nne asubuhi, hadi saa saba wamefika wazee wachache na mabalozi, akidi haitimii, na unaahirishwa. Mwenyekiti afanye nini na hesabu alizonazo mkononi? Akizifungia ofisini mtamwita mwizi, akizileta kanisani mnasema amewanyima nafasi ya kuhoji. Mimi naona hesabu iliyosikiwa kimya na watu mia nne ina faida kuliko hesabu isiyosikiwa na mtu, kwa sababu aliyesikia anaweza kumfuata mwenyekiti nyumbani Jumatatu.

Kuhusu ubao wa matangazo, sote tunaujua. Mvua ya masika huusafisha, na ofisi yenyewe iko bondeni ambako bibi wa miaka sabini hashuki bila sababu. Ukiliondoa tangazo kanisani, wa kwanza kuumia ni bibi huyo.

Usisahau pia kwamba parokia inachuja. Kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 zililetwa karatasi zilizokuwa na harufu ya kampeni, na paroko alizirudisha. Ubao hauwezi kufanya hivyo. Juu ya majina ya wadaiwa nakuunga mkono moja kwa moja, na hilo nimelisema ndani ya vikao.

Mchangiaji wa pili

Assalaam alaykum na habari za asubuhi kwenu nyote.

Mimi ni mmoja wa Waislamu wachache wa kijiji hicho, nimeolewa hapo na watoto wangu wamezaliwa hapo. Nimefurahi kwamba jambo hili limeletwa na Mkristo, kwa sababu ningelileta mimi lingesomwa kama malalamiko ya dini.

Mzee wangu uliyetangulia, nakuheshimu sana, lakini mfikirie na mtu wa upande wangu. Habari za kijiji mimi huzipata kwa jirani yangu Mkatoliki, ambaye Jumapili akirudi hupitia kwangu kabla hajavua nguo za kanisani. Namshukuru, naye hajawahi kunificha neno. Lakini mwaka aliougua nilikosa miche ya kahawa, kwa kuwa majina yaliandikishwa ndani ya wiki moja na nilisikia wiki ya pili. Msaragambo nao sikuujua, nikatozwa faini kwa kutofika, na nilipokwenda kueleza niliambiwa kwamba lilitangazwa na kila mtu alisikia. Haki yangu ya kujua mambo ya kijiji isitegemee afya ya jirani.

Sitaki tangazo liondolewe kanisani. Nataka lisiwe na nguvu ya kunitoza faini mpaka lifike na kwetu.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, mimi niko Dar es Salaam. Kundi letu la WhatsApp la kijiji lina watu wengi na taarifa hufika ndani ya dakika moja. Kwa nini kila kitu kisiwekwe humo, maswali yakaulizwa humohumo, na mkutano mkuu ukafanyika mwishoni mwa Desemba tunapokuja nyumbani sote? Michango mikubwa inatoka kwetu, na sisi pia tunastahili kusikilizwa.

Mtoa hoja

Nawashukuru wote mliochangia, na nitajibu nikianza na ndugu wa Dar es Salaam kwa kuwa jibu lake ni fupi. Michango yenu tunaithamini, na barabara tunayoizungumzia isingefika ilipofika bila ninyi. Hata hivyo sheria imeuweka mkutano mkuu mikononi mwa wakazi. Anayezibua mfongo Februari na kupita kwenye tope Aprili ndiye mwenye kura, hata kama mchango wake ni mdogo. Kundi la WhatsApp nalo lina shida ya kanisa, tena kubwa zaidi: mwenye simu ndogo ya kitochi hayumo, na sasa hivi mtu wa Mbezi anajua habari za kijiji kabla ya mama yake anayeishi hapo. Desemba leteni maoni yenu na msikilizwe. Maamuzi yasiwasubiri miezi kumi na moja.

Mzee wangu, hoja yako ya akidi ni nzito na ninaikubali kwa sehemu. Ni kweli watu hawaji mkutanoni. Lakini jiulize wanakosa nini wakibaki nyumbani. Viwango vya michango wameshavisikia Jumapili, faini wameshaisikia, hesabu wameshazisikia, na wanajua kwamba atakayeuliza ataambiwa jambo limeshapita. Mkutano ambao kila jambo lake limeshatangazwa hauna cha kumtoa mtu shambani. Hesabu zikianza kusomwa mkutanoni tu, na watu wakajua kwamba hazitasomwa mahali pengine kabla ya hapo, nina imani akidi itapatikana, hasa mkutano ukiwekwa Jumapili mchana badala ya siku ya kazi. Unasema aliyesikia anaweza kumfuata mwenyekiti Jumatatu. Anaweza, lakini atajibiwa peke yake uani kwa mwenyekiti, na jibu hilo hakuna mwingine atakayelisikia wala halitaandikwa kwenye muhtasari wowote.

Hoja yako ya kuchuja inanipa wasiwasi zaidi kuliko faraja. Paroko wetu alitumia busara, na nampongeza. Lakini je, karatasi ingekuwa ya wananchi wanaoilalamikia halmashauri ya kijiji, nayo ingerudishwa kwa sababu hiyohiyo? Aliyepewa uamuzi wa kipi kisomwe ndiye anayeamua kijiji kijue nini, na sidhani kwamba paroko mwenyewe anautaka mzigo huo.

Dada yangu, ulichoandika kimenigusa kuliko vyote, na kimebadilisha pendekezo langu. Nilisema karatasi ifike kila nyumba ya ibada; sasa naongeza sharti lako, kwamba faini yoyote isitozwe mpaka mtendaji aonyeshe kwamba taarifa ilifika kanisani, kwenye usharika, msikitini na kwenye ubao angalau siku saba kabla ya msaragambo. Hili halmashauri ya kijiji inaweza kulipitisha kwenye kikao kimoja, na halihitaji fedha.

Yamebaki mambo mawili ambayo sina jibu lake, na hapo ndipo naomba msaada wa wachangiaji wengine. La kwanza ni ubao: uhamishiwe sokoni, ambako akina mama wa dini zote hufika, au ujengwe mmoja mdogo kwa kila kitongoji ukiwa na paa na kioo, chini ya balozi? La pili nawauliza wenzetu wa Machame na sehemu nyingine ambako Walutheri ndio wengi: karatasi za mtendaji zikisomwa usharikani, Wakatoliki wa huko huzipata kwa njia gani, na hesabu za kijiji ninyi mnazisomea wapi?