Wikiendi Unguja na mama mwenye magoti mabovu: Kiponda, Shangani au Kiembesamaki?

Fundi Saa (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuvuka Ijumaa na boti ya saa moja asubuhi, nirudi Jumapili jioni. Tuko watatu: mimi, mke wangu na mama. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na mara ya mwisho kukanyaga Unguja ilikuwa 1986. Anataka Forodhani usiku, kanisa la Mkunazini, na mahali pa kukaa aone watu wakipita. Basi. Ufukweni hataki, anasema maji ameyaona Tanga.

Nahitaji vyumba viwili, usiku mbili. Nimepata nyumba ya kale Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, 120,000 kwa chumba pamoja na chai, na hiyo chai inanywewa paani. Kuna hoteli Shangani inatazama bahari, 290,000. Halafu ipo hoteli mpya Kiembesamaki, nje ya mji, ina lifti, 95,000. Moyo uko Kiponda, mfuko uko Kiembesamaki. Nishaurini kabla sijatuma hela.

Mtoto wa Kiponda
Karibu kwetu ndugu yangu, ila mama usimlete kwetu. Nakwambia mimi niliyezaliwa huko. Teksi inakushusha barabarani, kutoka hapo ni vichochoro, begi unabeba mwenyewe au unampa hamali. Hilo si tatizo. Tatizo ni ngazi. Ngazi za nyumba zetu ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima kama unapanda darini. Chai paani ni tamu kweli, upepo na mapaa ya mji mzima mbele yako, lakini ni ghorofa tatu au nne kila asubuhi, kisha kuteremka. Kuteremka ndiko kunakoua magoti.

Uliza kwanza chumba kiko ghorofa ya ngapi.

Mama Nuru
Na uliza upana wa chumba! Mimi picha kwenye programu ya kutafutia hoteli ilionesha chumba kama ukumbi. Nimefika, kitanda kimejaa ukuta hadi ukuta, mume wangu anaingilia upande wa miguuni kama anapanda mtumbwi. Mwenyeji akaniambia ndivyo nyumba zilivyo.

Mtoto wa Kiponda
Hakukudanganya, dada. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari inabebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu utakavyo, kwa hiyo chumba kinakuwa kirefu lakini chembamba. Mpiga picha anasimama pembeni kabisa, basi. Kuta hizo hizo nene ndizo zinazoua intaneti: unaipata kwenye ukumbi, ukifunga mlango wa chumba imekwisha.

Likoni Kwetu (Mombasa)
Mie nashangaa mnazunguka. Lifti iko, bei ni ya chini, Kiembesamaki imeshinda. Mjini mtaenda kutembea, si kulala.

Dada wa Mapokezi
Kaka, piga hesabu yote. Nimekaa mapokezi ya hoteli Unguja miaka sita, wageni wa nje ya mji nawajua. Vyumba viwili usiku mbili Kiembesamaki ni 380,000. Kiponda ni 480,000. Sasa teksi. Tuseme 15,000 kwenda mjini, na mtaenda na kurudi mara tatu: 90,000. Umefika 470,000. Umeokoa elfu kumi, na mama akichoka saa saba mchana hana pa kujilaza mpaka mrudi wote. Juu ya hapo Kiembesamaki ni jirani na uwanja wa ndege, mtazisikia ndege.

Kitu ambacho hakuna aliyekigusa: boti ya saa moja inawafikisha bandarini kama saa tatu. Chumba hoteli nyingi wanakupa saa nane mchana. Hizo saa tano mama atakuwa wapi? Ongea nao kabla, sio ukishafika. Siku ambazo hoteli haikujaa tunatoa chumba mapema bila kelele, ila tunampa aliyeomba.

Fundi Saa (Dar)
Dada, hilo la saa nane sikuliwaza kabisa. Nilishaanza kulipa kupitia programu, nikasita. Bora nipige simu moja kwa moja?

Dada wa Mapokezi
Tumia programu kutafuta na kusoma maoni ya wageni, hasa yale ya kati, wasiosifia sana wala kulaani. Halafu piga. Programu inakata kamisheni yake, kwa hiyo hoteli ndogo mara nyingi ina nafasi ya kukupunguzia. Sema wewe ni Mtanzania, omba bei ya mkaazi. Bei uliyoiona mtandaoni huenda ni ya mgeni iliyogeuzwa shilingi. Uliza kama ni kwa chumba au kwa kichwa, na kama kodi ya miundombinu imo, maana hiyo inahesabiwa kwa mtu kwa usiku na wengine wanaidai mlangoni. Umeme ukikatika, jenereta inaendesha kiyoyozi au taa tu? Na bahari ikichafuka boti zisitoke, hela inarudi au inasogezwa siku nyingine? Majibu yote yawe kwa maandishi, WhatsApp inatosha.

Mwisho, mwombe akupigie video kutoka mlango wa barabarani hadi kitandani, bila kukata. Anayekataa ana sababu.

Mkaazi wa Maskati
Dada amemaliza maneno. Mie huja kila mwaka kuwaona wazee. Nyongeza kwa ndugu zetu wenye pasi za nje: tangu Oktoba 2024 mgeni analipa bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, hata kama bima ya kwenu unayo. Fundi Saa haimhusu. Nyengine, tizama kalenda. Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara bei zinapanda, na likifanyika Ngome Kongwe ngoma hailali, sasa ukiwa Shangani au Forodhani wewe pia hulali. Ramadhani nayo mchana kula ni shida, ila futari yake ndiyo raha yenyewe.

Mama Nuru
Shangani 290,000 unalipia dirisha. Kama mama hataki bahari, hilo dirisha la nani?

Likoni Kwetu (Mombasa)
Haya, nimerudi nyuma. Hiyo hesabu ya teksi imenimaliza.

Mtoto wa Kiponda
Fundi Saa, tafuta Vuga au Shangani upande wa Barabara ya Kenyatta. Gari inafika mlangoni, Forodhani mnakwenda kwa miguu pole pole, bei si ya baharini. Chumba cha mama kiwe chini. Ila chumba cha chini kinusiwe kwanza, chokaa hunywa maji ya ardhini, kikifungwa wiki kinanuka unyevu.

Fundi Saa (Dar)
Wadau, tumerudi jana, naleta mrejesho.

Hizo tatu zote niliziacha. Nilipata nyumba ndogo Vuga, mtandaoni 160,000, kwa simu ikawa 135,000 kila chumba, kodi ndani, chai ndani. Kijana wa mapokezi alipiga video akitembea; nilihesabu vidato viwili kutoka barabarani hadi chumba cha mama. Sisi tulilala juu, ngazi kama alivyosema Mtoto wa Kiponda, mke wangu alishuka kinyumenyume. Chumba cha mama walimpa saa nne asubuhi kwa kuwa niliomba tangu Jumanne.

Kasoro zipo. Unyevu ulikuwepo, tukaomba wafungue madirisha na kuwasha feni mchana kutwa, ikapungua. Pikipiki zinapita hadi usiku. Feni ya kwetu ilipiga kelele kama cherehani.

Forodhani mama alikula mshikaki mmoja, akanywa juisi ya miwa, akauliza Beit el Ajaib, lile jumba la kale, limekuwaje. Hakujua kama sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Alisimama pale muda mrefu kuliko magoti yanavyoruhusu.

Mkunazini tulikwenda Jumamosi. Jumapili alikataa kutoka. Nje ya mlango kuna baraza ya mawe, akaweka khanga akakaa, bibi wa nyumba ya pili akaja na kahawa, na tulipokuja kumchukua kwenda bandarini walikuwa wanabishana bei ya nazi mwaka 1986.

Dada wa Mapokezi
Video umeifuta? Nirushie, kuna mtu ananiuliza chumba cha chini cha baba yake.